Kupima Nguvu na Tabia ya Mwamba Wenye Nyufa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wahandisi wanaoanza kazi, wanajiolojia wa uwandani, wakandarasi wa barabara na mahandaki, na wenye machimbo ya mawe, ambao hupokea ripoti iliyojaa herufi kama RQD, RMR na GSI wakatakiwa kuifanyia uamuzi. Katika majibu yote, neno "jiwe" linatumika kwa kipande kizima kisicho na ufa, na neno "mwamba" linatumika kwa mkusanyiko wa mawe hayo pamoja na nyufa zinazoyatenga na maji yanayopita humo.

Kwa nini mwamba wenye nyufa haupimwi kama jiwe la kawaida?

Kwa sababu jiwe hubebeka na mwamba haubebeki. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinaweza kupelekwa maabara, kikakatwa, kikabanwa na mashine hadi kivunjike, na namba ikapatikana kabla ya jioni. Mlima hauingii kwenye mashine, na vipande vinavyofaulu kufika maabara ni vile ambavyo havikuvunjika njiani. Kwa hiyo maabara hupokea sehemu bora ya mwamba, huku sehemu dhaifu ikibaki kwenye tope la uchorongaji au ndani ya kilima.

Mtu akisimama mbele ya mkato wa barabara katika vilima vya graniti vya Mwanza, haoni jiwe moja kubwa bali matofali ya asili yaliyopangwa, baadhi yakiwa na ukubwa wa nyumba na mengine wa kiti. Mistari inayoyagawa ni nyufa zilizotokana na kupoa kwa mwamba ulipokuwa wa moto, na nyingine zilifunguka baada ya mzigo wa udongo na mawe ya juu kumomonyoka kwa mamilioni ya miaka. Katika miamba ya tabaka, mipaka ya tabaka ni nyufa tayari. Katika naisi na miamba mingine iliyobanwa na joto, madini yamejipanga kwa kurasa kama za kitabu, na kila ukurasa ni njia rahisi ya kupasukia. Mwamba ukisogea, husogea karibu kila mara kwa kufuata nyufa hizo, isipokuwa pale unapokuwa dhaifu sana au mzigo unapokuwa mkubwa mno.

Maabara imesema jiwe lina nguvu ya megapaskali 150 (megapaskali ni kipimo cha mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo). Kwa nini mhandisi anasanifu kwa namba ndogo kuliko hiyo zaidi ya mara kumi?

Swali hili huulizwa na wateja wanaohisi kwamba wanauziwa bolti na zege wasivyovihitaji. Jibu lina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ukubwa wa sampuli. Namba ya 150 imetoka kwenye mche wa kipenyo cha milimita 50 hivi. Mche, kwa wasiowahi kuuona, ni kipande kirefu cha duara, mfano wa muwa, kinachotoka ndani ya bomba la kuchoronga. Watafiti wa mekanika ya miamba, Hoek na Brown, walikusanya matokeo ya majaribio ya vipenyo mbalimbali na kuonesha kwamba nguvu hupungua kadiri sampuli inavyokua, kwa uwiano wa kipenyo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.18. Kwa kanuni hiyo, jiwe lilelile likipimwa kwa kipenyo cha milimita 200 litatoa takriban megapaskali 117, ingawa hakuna ufa wowote unaoonekana kwa macho. Sababu ni kwamba kipande kikubwa kina nafasi zaidi ya kubeba kasoro ndogondogo.

Hatua ya pili ni nyufa zenyewe. Kwa kanuni ya Hoek na Brown, iliyotolewa mwaka 1980 na kurekebishwa mara kadhaa, mwamba wa jiwe hilohilo, tuseme ni graniti, wenye GSI (alama ya ubora wa mwamba mzima, inayoelezwa mbele) ya 50, yaani mwamba wa wastani, unabaki na nguvu ya mgandamizo ya takriban megapaskali 9 iwapo haujabanwa pembeni.

Hatua ya tatu ndiyo inayoniudhi kila ninapoiona, kwa sababu ni ya kujitakia. Katika toleo la mwaka 2002 la kanuni hiyo kuna kigezo cha uharibifu, chenye thamani kuanzia 0 kwa mwamba ambao haukusumbuliwa hadi 1 kwa mwamba uliolipuliwa vibaya. Ukiweka 1 badala ya 0 katika mfano wetu, megapaskali 9 zinashuka hadi 2 na ushei. Mkandarasi anayejaza baruti kupita kiasi ili kifusi kisagike vizuri huwa amenunua mwamba mwingine, dhaifu mara nne, na kuuacha ukutani. Kuchoronga safu ya matundu yaliyokaribiana kwenye mstari wa mwisho na kuyalipua kwanza kwa baruti kidogo huchukua muda, lakini gharama yake haikaribii ile ya kurudi kufunga wavu wa chuma kwenye ukuta uliosambaratika.

Ni vipimo gani vya maabara vinavyohitajika kwa uchache?

Kipimo cha msingi ni kubana mche kwa mhimili mmoja hadi uvunjike. Miongozo ya Jumuiya ya Kimataifa ya Mekanika ya Miamba, iliyoanzishwa Salzburg, Austria, mwaka 1962, inataka mche uwe na urefu wa mara 2.5 hadi 3 ya kipenyo chake, na ncha zake zisawazishwe kwa uangalifu mkubwa. Ncha ikiwa na kinundu, mashine hukibana kinundu peke yake na jiwe huvunjika mapema.

Kipimo cha nukta, ambapo kipande hubanwa katikati ya ncha mbili za chuma, ni cha bei nafuu na mashine yake hubebwa hadi uwandani. Matokeo yake huzidishwa kwa namba iliyo karibu na 24 ili kukadiria nguvu ya mgandamizo, lakini namba hiyo hubadilika sana kati ya aina moja ya jiwe na nyingine, na anayeitumia bila kuilinganisha na sampuli chache zilizobanwa kwa njia kamili anabahatisha.

Kipimo cha mihimili mitatu, ambapo jiwe hubanwa pembeni kwa mafuta huku likikandamizwa juu, huonesha jinsi nguvu inavyopanda kadiri mbano wa pembeni unavyopanda. Von Kármán alilionesha jambo hilo mwaka 1911 kwa marumaru ya Carrara, iliyoacha kuvunjika kama kioo na kuanza kutepeta mbano ulipokuwa mkubwa. Kwa mgodi wa kina kirefu kipimo hiki ni cha lazima; kwa mkato wa barabara wa mita 10 kinaweza kuachwa.

RQD ni nini, na naweza kuiamini kwa kiasi gani?

RQD ni asilimia ya ubora wa mwamba iliyobuniwa na Don Deere nchini Marekani katika miaka ya 1960. Unachukua urefu wa mche uliochorongwa kwa mkupuo mmoja, unajumlisha vipande vizima vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, kisha unagawanya kwa urefu wote uliochorongwa. Chini ya asilimia 25 mwamba ni mbaya sana, 25 hadi 50 ni mbaya, 50 hadi 75 ni wa wastani, 75 hadi 90 ni mzuri, na zaidi ya hapo ni bora.

Tuchukue mkupuo wa sentimita 150 uliotoa vipande vya sentimita 31, 8, 24, 6, 14, 9 na 12, na vilivyobaki vikawa kokoto. Vinavyohesabiwa ni 31, 24, 14 na 12, jumla sentimita 81, na RQD ni asilimia 54. Mwamba huo ni wa wastani.

Sasa niruhusiwe kueleza nililoliona mwenyewe kando ya mtambo wa kuchoronga. Kijana aliyekuwa akipanga miche kwenye sanduku alikuta kipande kirefu hakiingii kwenye nafasi iliyobaki, akachukua nyundo na kukigonga mara moja, kikakatika, akakipanga vizuri na kufunga kifuniko. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka sanduku lipendeze. Tukitumia mfano wetu wa juu, kipande cha 31 kikikatwa kuwa 22 na 9, kile cha 9 kinatolewa kwenye hesabu, RQD inashuka hadi asilimia 48, na mwamba uliokuwa wa wastani jana unaandikwa kuwa mbaya leo. Ndiyo maana anayehesabu lazima avigeuze vipande na kuzitazama ncha zake. Ufa wa asili huwa na kutu, vumbi la mfinyanzi, doa la kijani au weusi wa maji yaliyopita kwa miaka mingi. Mkato wa nyundo hung'aa, huwa safi, na vipande vyake viwili hushikana bila kuacha mwanya. Mikato ya namna hiyo huwekwa alama kwa rangi na vipande vyake kuhesabiwa kama kimoja.

Hata ikihesabiwa vizuri, RQD ina upofu wake. Mche uliokatika kila baada ya sentimita 11 hupata asilimia 100, sawa na mche wa mita nzima usio na ufa. Tundu lililochorongwa wima katika mwamba wenye nyufa za wima linaweza kupita katikati ya nyufa hizo bila kukutana na hata mmoja. Zaidi ya yote, RQD huhesabu nyufa bila kuuliza ufa una nini ndani yake.

Nyufa zenyewe hupimwaje uwandani?

Hupimwa kwa dira, futi ya kamba, na subira. Kamba huvutwa juu ya uso wa mwamba, kwa kawaida mita 10 hadi 30, na kila ufa unaoikata huandikwa: uko umbali gani kutoka mwanzo, umeinama kwa digrii ngapi na kuelekea wapi, unaendelea kwa urefu gani, uko wazi kwa milimita ngapi, umejaa nini, na je, unatoa maji. Kamba moja haitoshi. Nyufa zilizo sambamba na kamba hazihesabiki, kwa hiyo huhitajika kamba ya pili na ikiwezekana ya tatu katika pande tofauti.

Mielekeo hiyo ikichorwa kwenye chati ya duara, nukta hujikusanya katika mafungu, kwa kawaida mawili hadi manne, na kila fungu ni familia ya nyufa zilizozaliwa na nguvu moja. Hapo ndipo mkato wa barabara unapoanza kueleweka. Ikiwa uso wa mkato umeinama digrii 65, na familia moja ya nyufa inaelekea upande uleule kwa mwinamo wa digrii 40, na pembe ya msuguano, yaani mwinamo ambao kipande huanza kuteleza juu ya ufa, ni 33, basi vipande vina njia ya kutokea na mwinamo wa kuvishinda kusimama. Nyufa hizohizo zikielekea ndani ya kilima, mkato uleule husimama bila bolti hata moja. Barabara inayopinda kuzunguka kilima inaweza kuwa salama upande mmoja na hatari upande wa pili, ingawa mwamba ni uleule.

Ukinzani wa ufa dhidi ya kuteleza hupimwaje?

Ikiwa kuna swali moja la kutumia fedha, ni hili. Mtafiti Patton alionesha mwaka 1966 kwamba ufa wenye meno huwa na pembe ya msuguano kubwa kuliko ufa laini, kwa sababu ili uteleze lazima kwanza upande juu ya meno yake. Mzigo ukiwa mdogo ufa hupanda na kufunguka. Mzigo ukiwa mkubwa meno hukatika.

Mtafiti mwingine, Barton, alilitengenezea jambo hilo fomyula ambayo bado inatumika. Ukinzani ni mkazo unaobana ufa ukizidishwa kwa tanjenti ya pembe, na pembe hiyo hupatikana kwa kuchukua msuguano wa msingi wa jiwe lililokatwa kwa msumeno, kwa kawaida digrii 25 hadi 35, na kuongeza mkwaruzo uliozidishwa kwa logi ya uwiano kati ya nguvu ya kuta za ufa na mkazo unaoubana. Mkwaruzo hupewa namba kuanzia 0 kwa uso laini kabisa hadi 20 kwa uso wenye meno makali. Hukadiriwa kwa kitana cha chuma kama kile cha mafundi wa kupachika marumaru, kinachonakili umbo la uso, kisha umbo hulinganishwa na michoro kumi ya mfano iliyochapishwa mwaka 1977. Nguvu ya kuta hupimwa kwa nyundo ya Schmidt, kifaa chenye springi kinachogonga uso na kusoma jinsi kinavyorudishwa.

Kwa mfano, mkwaruzo ukiwa 8, nguvu ya ukuta megapaskali 60, mkazo megapaskali 0.6 na msuguano wa msingi digrii 30, logi ya 100 ni 2, kwa hiyo digrii 16 zinaongezeka na pembe inakuwa 46. Mkazo ukipanda hadi megapaskali 6, logi inakuwa 1 na pembe inashuka hadi 38. Ndiyo kusema pembe ya msuguano ya ufa si namba moja ya kunakiliwa kutoka ripoti ya mradi mwingine; hubadilika na kina.

Njia nyepesi isiyohitaji umeme ni ya kuinamisha. Chukua nusu mbili za ufa wa asili, ziweke zimefumbatana juu ya ubao, inua ubao polepole hadi nusu ya juu iteleze, na upime pembe. Njia kamili zaidi ni kisanduku cha kukatia, ambamo nusu ya chini hushikwa na ya juu husukumwa polepole chini ya mzigo unaojulikana. Grafu yake hupanda hadi kilele kisha hushuka na kutulia. Mteremko uliowahi kusogea zamani usisanifiwe kwa namba ya kilele, kwani kilele chake kilishatumika.

Na mfinyanzi ukiwamo? Tabaka la mfinyanzi likiwa nene kuliko urefu wa meno, kuta mbili hazigusani tena, na ufa huo ni mfinyanzi tu, hata kama pande zote mbili ni graniti ya megapaskali 150. Kwa bahati mbaya, mfinyanzi ndio kitu cha kwanza kuoshwa na maji ya kuchorongea, kwa hiyo sanduku la miche huonesha nafasi tupu mahali palipokuwa na hatari kubwa kuliko zote.

RMR, Q na GSI: nitumie upi?

Zote tatu ni mifumo ya kuupa mwamba mzima alama ya ubora. RMR ilitolewa na Bieniawski nchini Afrika Kusini mwaka 1973, na toleo linalotumika sana ni la 1989. Hutoa alama kwa nguvu ya jiwe (hadi 15), RQD (hadi 20), nafasi kati ya nyufa (hadi 20), hali ya nyufa (hadi 30) na maji (hadi 15), kisha hupunguza alama kwa mwelekeo mbaya wa nyufa. Angalia kwamba hali ya nyufa imepewa mara mbili ya nguvu ya jiwe. Q ilitolewa na Barton, Lien na Lunde nchini Norwei mwaka 1974 kutokana na mahandaki yapatayo 200. GSI ya Hoek, ya miaka ya 1990, husomwa kwenye jedwali kwa kutazama jinsi vipande vilivyofungamana na hali ya nyuso zake, na kazi yake hasa ni kuilisha kanuni ya Hoek na Brown.

Kwa handaki ningeanza na Q, kwa sababu inatofautisha nyufa vizuri na ina chati ya bolti na zege la kunyunyizia. Tuseme RQD ni 70, kuna familia tatu za nyufa (namba yake 9), nyuso zinakwaruza lakini zimenyooka (1.5), zimebadilika kidogo (2), mahali ni pakavu na mikazo si mikubwa. Sabini gawanya kwa 9, zidisha 1.5, gawanya kwa 2: Q ni 5.8, mwamba wa wastani. Nyufa hizohizo zikijaa mfinyanzi laini kiasi cha kuta kutogusana, 1.5 inakuwa 1 na 2 inakuwa 8, na Q inaanguka hadi 0.97, daraja la mwamba mbaya sana. RQD haikusogea hata kidogo.

Mtu asitumie mifumo hii pale ambapo ufa mmoja au familia moja ndiyo inayotawala. Mteremko unaoteleza juu ya tabaka moja la mfinyanzi hauna wastani. Una tabaka lile. Pia nashauri watu wawili wapime bila kuoneshana, kisha walinganishe. Tofauti ya alama 5 hadi 10 za RMR si kosa, na anayeandika RMR kuwa 57.3 anajidanganya.

Ulegevu wa mwamba, yaani kiasi unachobonyea, hupimwaje?

Hupimwa kwa kusukuma bamba la chuma kwa jeki ndani ya chumba kilichochimbwa, au kwa kifaa kinachotanuka ndani ya tundu la uchorongaji. Ni ghali, kwa hiyo wengi huanza na makadirio. Kanuni ya Serafim na Pereira ya mwaka 1983 hutoa ukakamavu, yaani kinyume cha ulegevu, wa gigapaskali 10 kwa RMR ya 50, na gigapaskali 3 hivi kwa RMR ya 30. Kwa bwawa la zege lililoegemea kingo mbili za bonde, tofauti ya ulegevu kati ya kingo hizo ina uzito kuliko namba yenyewe.

Maji yana nafasi gani?

Maji huzisukuma kuta za ufa zitengane, na kinachobaki kikizibana ni mkazo uliopunguzwa kwa shinikizo la maji. Katika mfano wetu wa megapaskali 0.6, ukinzani ulikuwa takriban megapaskali 0.62. Weka kimo cha maji cha mita 20 ndani ya ufa, yaani megapaskali 0.2, na ukinzani unashuka hadi 0.43 hivi. Karibu theluthi moja imeondoka bila jiwe lolote kubadilika.

Uwezo wa mwamba kupitisha maji hupimwa kwa kipimo cha Lugeon, kilichopewa jina la mwanajiolojia Maurice Lugeon. Sehemu ya tundu huzibwa juu na chini, kisha husukumiwa maji. Lugeon moja ni lita moja kwa dakika kwa kila mita ya tundu chini ya shinikizo la megapaskali 1. Sehemu ya mita 5 ikimeza lita 30 kwa dakika kwa megapaskali 0.6, ni Lugeon 10. Shinikizo hupandishwa kwa hatua tatu na kushushwa kwa mbili, na umbo la matokeo husema mengi: maji yakiongezeka ghafla kwenye kilele na kurudi chini baadaye, shinikizo limefungua nyufa kwa muda, yakibaki juu hata baada ya kushusha, kitu kilichokuwa ndani ya ufa kimeoshwa.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hupotosha katika miteremko ya mwamba. Anayenyunyiza zege juu ya uso wote bila kuacha matundu ya kutolea maji anajenga bwawa nyuma ya ngozi ya sentimita chache, na mvua za masika humjibu.

Kuna ajali gani inayoonesha gharama ya kutopima?

Bwawa la Malpasset, kusini mwa Ufaransa, juu ya mji wa Fréjus, lilivunjika usiku wa tarehe 2 Desemba 1959 na kuua watu zaidi ya 400. Lilikuwa tao jembamba la zege, lenye kimo cha mita 66 hivi na unene wa chini ya mita 7 kwenye kitako, na zege lake halikuwa na kasoro ya kulaumiwa. Lilikuwa limejazwa polepole kwa miaka mitano, na mvua kubwa za mwisho wa Novemba ndizo zilizolijaza hadi juu kwa mara ya kwanza.

Kosa lilikuwa ukingo wa kushoto. Mwamba pale ni naisi, na kurasa zake ziliinama kwa namna ambayo msukumo wa tao ulizibana. Majaribio yaliyofanywa baadaye maabara yalionesha kwamba naisi ile, ikibanwa, hupitisha maji kwa shida sana, na ikilegezwa huyapitisha kwa wingi. Kwa hiyo bwawa lenyewe lilifunga njia ya maji chini yake, likajenga kizuizi cha pili ndani ya mwamba, na nyuma ya kizuizi hicho shinikizo likakua. Upande wa chini kulikuwa na mpasuko mkuu wa ardhi ambao haukuwa umetambuliwa. Kabari kubwa ya mwamba, iliyopakana na kurasa za naisi upande mmoja na mpasuko ule upande mwingine, iliinuliwa na maji na kusukumwa, na bwawa likaondoka nayo. Matundu ya kupunguza shinikizo chini ya kingo za mabwawa ya tao, ambayo leo huwekwa kama kawaida, yalipata uzito wake kutokana na usiku ule.

Je, mikazo ya asili ndani ya mwamba lazima ipimwe?

Kwa mgodi wa kina na kwa handaki linalopitisha maji yenye shinikizo, ndiyo. Katika kituo cha Kihansi nchini Tanzania maji hushuka zaidi ya mita 800 hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi, sawa na shinikizo la megapaskali 8 hivi. Kwa kimo kama hicho mwamba unaozunguka njia ya maji usiofunikwa kwa chuma lazima uwe na mkazo mdogo kabisa unaozidi shinikizo hilo, vinginevyo maji hufungua nyufa na kujitafutia njia. Mkazo huo hupimwa kwa kusukuma maji tunduni hadi nyufa zifunguke na kusoma shinikizo zinapojifunga.

Nina kiwanja chenye mawe makubwa mlimani. Naweza kupima nini bila vifaa?

Angalia jiwe limekalia nini. Mawe mengi ya graniti ya duara hayajaegemea mwamba bali changarawe laini ya graniti iliyooza, na shimo la msingi likichimbwa chini yake linaondoa mto wake. Angalia nyufa zilizo wazi upande wa mteremko, mizizi iliyopenya, na mahali maji yanapotokea siku mbili baada ya mvua. Paka alama mbili za rangi pande zote za ufa, pima umbali kwa futi, andika tarehe, na urudie kila mwezi. Bandiko la jasi juu ya ufa likipasuka, ufa umesogea. Ukiona hivyo, mwite mhandisi kabla ya fundi.

Mwamba ukishachimbwa, upimaji unaendelea?

Unaendelea, na mara nyingi hapo ndipo namba za kuaminika zinapopatikana. Katika handaki, vibandiko vya kuakisi huwekwa kwenye paa na kuta na husomwa kila siku. Kasi ya kusogea inayopungua ni dalili ya mwamba kutulia. Kasi inayoongezeka, hata kwa milimita chache, ni sababu ya kutoa watu nje kwanza na kujadiliana baadaye.

Masanduku ya miche yahifadhiwe kwa muda gani?

Yahifadhiwe angalau hadi madai yote ya mkataba yafungwe, kwa kuwa mkandarasi akidai kwamba alikuta mwamba tofauti na ule wa zabuni, ushahidi ni hayo masanduku. Yapigwe picha mara mbili siku ileile yanapotolewa, mara moja yakiwa makavu na mara moja yakiwa yamelowa, huku futi na namba ya tundu vikionekana. Yakae kivulini: baadhi ya miamba ya mfinyanzi hupasuka kwa jua la wiki moja, na anayekuja kuhesabu baadaye huhesabu nyufa za jua.